Pumzi za Bonde la Ikubo

Mzee Mwasomola aliandika herufi ya mwisho, akaifuta miwani yake kwa ncha ya shati, kisha akabonyeza kitufe cha kuingia taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Skrini ikatulia kidogo. Halafu yakatokea maneno ambayo Tumwitike alikuwa akiyaogopa tangu asubuhi: akaunti ya msimamizi mkuu imefungwa.

"Imefungwa na nani?" mzee akauliza. "Msimamizi si ndiye mimi?"

"Tumekosea mara nyingi, Mzee. Imejifunga yenyewe."

"Sijakosea. Paswedi yangu ndiyo hiyo."

Tumwitike hakubishana naye. Alimtazama midomo, ilivyoanza kuwa na rangi ya zambarau bivu. Kifua cha mzee kilipanda kidogo, kikashuka, kikakaa. Kilikaa muda mrefu hivi kwamba Tumwitike akajikuta naye amezuia pumzi, akikisubiri kipande tena.

Ndivyo walivyokuwa wote sasa, watu wa mishipi. Homa ile ilipopita nyanda za juu haikuwaua wengi wa iliowashika. Iliwaacha hai, ikawanyang'anya kitu kimoja tu: uwezo wa kiwambo cha kifua kujivuta chenyewe. Kila mmoja wao alivaa mshipi chini ya nguo, na kila mshipi ulisubiri amri kutoka kwenye mnara. Amri ikija, kiwambo kinavutwa na hewa inaingia. Bonde la Ikubo lilichaguliwa kwa sababu milima iliyolizunguka ilizuia mawimbi ya minara mingine yasije yakaingiliana na ule wao. Humo ndani watu walichuma chai, walilima viazi, waligombana kuhusu mipaka ya mashamba, walioana. Ila hakuna aliyevuka mlima.

Tumwitike Mwakalinga hakuwa na mshipi. Alikuja Ikubo kumfuata kaka yake aliyeugua, akabaki kama fundi msaidizi wa mtambo uliouendesha mnara huo. Akaunti yake ilimruhusu kuona kila kitu na kutogusa chochote. Aliona pumzi za kila mtu bondeni zikipita kwenye skrini, mstari kwa mstari, na tangu mvua kubwa zianze aliziona zikipungua. Programu mpya iliingia kwa mtandao siku ambayo mawasiliano yalikatika, ikaja na kosa. Iliamini Ikubo iko pwani, mahali ambapo hewa ni nzito na pumzi fupi zinatosha. Kila kulipokucha iliwapunguzia watu kidogo, ikidhani inaokoa betri za mishipi.

Kosa lenyewe lilikuwa mstari mmoja. Tumwitike angeweza kulifuta kwa muda wa kupiga chafya. Lakini faili lilikuwa mali ya msimamizi mkuu, akaunti ile ambayo mafundi huiita ruti, na ruti haina mbadala. Mwenye nayo anafungua chochote na kuvunja chochote. Kwa sababu hiyo watengenezaji waliagiza nywila yake ikae kichwani mwa mtu mmoja tu. Mzee Mwasomola ndiye aliyekabidhiwa, na miezi michache nyuma aliibadilisha mwenyewe baada ya watu wasiojulikana kujaribu kuingia kutoka nje. Hakumwambia mtu, kama alivyoagizwa. Kichwa kilichoihifadhi kilikuwa kinapewa hewa na mtambo uleule, na kilikuwa kimeanza kupungukiwa.

"Ngoja nijaribu tena," mzee akasema, akaisogelea kibodi. "Ilikuwa na jina la mtoto. Au la ng'ombe. Tulikuwa na ng'ombe mmoja, mama yangu alimpenda sana."

Tumwitike akamshika mkono kwa upole. "Pumzika, Mzee. Haipokei tena."

"Mwanangu," mzee akasema, na macho yake yakajaa woga kama ya mtu aliyepotea sokoni. "Nilikuwa nayo."

*

Muuguzi Kissa alikuwa kwenye baraza la zahanati, anahesabu mapigo ya mwanamke mmoja aliyeletwa amezirai shambani. Alipomwona Tumwitike akamwacha mgonjwa na jamaa zake, wakasogea pembeni ambako mvua ilifunika sauti zao.

"Vipi?"

"Imejifunga. Na mzee hakumbuki, Sista. Kila dakika anakumbuka kitu kingine."

"Daraja?"

"Bado limezama. Seva ya akiba iko Mbeya kwenye matengenezo, hata wakiileta haiwezi kuvuka."

Kissa alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, ambaye watu walisema hajawahi kukimbia. Aliutazama mkono wake mwenyewe, akakunja vidole. "Kwa hali hii, kesho wazee wataanza kuondoka. Keshokutwa watoto. Niambie kama kuna njia nyingine."

"Ipo moja."

Akamweleza. Mtambo ulikuwa wa ukoo wa Unix, mfumo mkongwe ambao mafundi wamerithishana tangu enzi za mabibi zao, na waliouunda walijua binadamu husahau. Aliyeshika mashine yenyewe kwa mikono yake anaweza kuizima, akaiwasha, akaikatiza katikati ya kuamka na kuiagiza iamke kwa ajili ya mtu mmoja tu. Ikiamka hivyo haiulizi nywila. Inamchukulia aliye mbele yake kuwa mwenye nyumba. Hapo anaweza kuweka nywila mpya, akafungua akaunti, akarekebisha lile kosa, kisha akairuhusu iendelee kuamka kama kawaida.

"Sasa kwa nini umekaa?" Kissa akauliza.

"Lazima niizime, Sista."

Kissa akageuka kumtazama mgonjwa wake. Barazani, yule mwanamke aliyezirai alivuta pumzi moja fupi, na mumewe akasema, "Haya, haya, vizuri."

"Kwa muda gani?"

"Mambo yakienda sawa, muda wa chai kuchemka."

"Na yasipoenda sawa?"

"Haijazimwa tangu siku walipoiwasha. Sijui itaamkaje."

Maputo ya kupumulia kwa mkono yalikuwepo ya kutosha, pamoja na barakoa za kufunga usoni. Kisichotosha kilikuwa mikono. Wasio na mishipi bondeni walikuwa wauguzi, wake na waume, kina mama, walimu wachache, wachuuzi waliokwama na mvua. Hata ukiwaita wote bado ingebidi wengine waminye maputo mawili, moja kila mkono, kwa watu wawili waliolala kushoto na kulia.

"Inawezekana," Kissa alisema polepole. "Nimewahi kufanya. Lakini mikono huchoka. Na ikichoka huanza kuchagua." Akamkazia macho. "Tuwachanganye. Kila mtu ampulizie asiyemhusu. Mke asimpulizie mumewe, mama asimpulizie mwanawe. Hapo mikono haitakuwa na wa kumpendelea."

"Watakataa."

"Tutawalazimisha."

"Hakuna muda wa kubishana na watu, Sista. Waje, kila mmoja akae na wake, waliobaki tuwagawe."

Hakusema uongo. Muda kweli haukuwepo. Lakini kabla neno muda halijafika mdomoni, alikuwa ameshamwona kaka yake Ambakisye amelala sakafuni, na juu yake mkewe Sekela, mwenye mikono iliyochuma chai tangu utotoni. Hakuna mikono mingine bondeni ambayo angeiamini kuliko ile.

Kissa alimtazama kwa muda, kama anayesubiri aseme kitu kingine. 

"Sawa," muuguzi akasema. "Wewe ndiye fundi."

*

Waliwalaza kwenye ukumbi wa shule, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani. Mikeka, magodoro, kanga zilizokunjwa zikawa mito. Watoto waliambiwa ni mazoezi, wakacheka na barakoa zao. Wakubwa hawakucheka. Walikuwa na uzito fulani wa macho uliotokana na hewa kidogo, na wengine ilibidi waelezwe mara mbili.

Ambakisye alilala karibu na dirisha. Alikuwa mtu mkubwa, mpenda ubishi, aliyezoea kuongea na dada yake kwa kumtania. Leo alimshika tu kiganja.

"Tumwi. Ukichelewa nitakudai."

"Sichelewi, kaka."

Upande wa kushoto wa Sekela waliweka godoro jingine. Hapo alilala Mwalimu Ndaki, aliyetoka Shinyanga kuletwa hapa na ndege ya wagonjwa, hana ndugu wala mchumba bondeni. Alifundisha jiografia. Alichora ramani ya nchi nzima kwenye ukuta wa nje wa shule, ziwa kwa ziwa, kwa ajili ya watoto ambao huenda wasivuke mlima maisha yao yote. Alipofungwa barakoa aliinyanyua kidogo, akamtabasamia Sekela.

"Shemeji, samahani kwa kukupa kazi mara mbili. Mimi mwepesi, sitakusumbua."

"Acha maneno, Mwalimu," Sekela alijibu, akimrudishia barakoa usoni. "Unapoteza hewa."

Tumwitike aliona yote hayo. Alimwona pia Kissa, upande wa pili wa ukumbi, amepiga magoti kati ya Mzee Mwasomola na msichana asiyemhusu kabisa, redio yake ikiwa wazi begani. Akageuka, akatoka kwenda kwenye chumba cha mtambo, redio ya mkono ikimning'inia kiunoni.

*

"Tayari?" aliuliza kwenye redio.

"Tayari," sauti ya Kissa ikajibu.

Akazima.

Kwanza zilikufa feni. Hakujua kwamba chumba kile kilikuwa na kelele mpaka kelele zilipoisha. Mistari yote ya pumzi kwenye skrini ikapotea kwa pamoja, na nyuma ya ukuta, ng'ambo ya uwanja wa shule, akasikia sauti za watu zikianza kuhesabu: moja, mbili, minya, moja, mbili, minya.

Akawasha. Mashine ikaanza kutapika maneno yake meupe. Akakatiza mahali alipotakiwa kukatiza, akaongeza amri ya kuamka kwa ajili ya mtu mmoja, akaruhusu iendelee. Mashine ikatii. Hilo lilimpa moyo.

Kisha mashine ikasimama, ikaandika kwamba diski haijakaguliwa kwa muda mrefu mno, na kwamba itaikagua sasa.

Alikuwa amesoma habari hizo zamani, akazisahau. Mashine iliyokaa macho miaka mingi, ikizimwa na kuwashwa, hupenda kwanza kupekua kila kona ya kumbukumbu zake ili ione kama kuna kilichoharibika. Asilimia ikaanza kusogea. Moja. Mbili. Ikakaa kwenye mbili.

Chini ya skrini palikuwa na maelezo: anayetaka kuruka ukaguzi abonyeze herufi C.

"Tumwitike," redio ikaita. "Chai imechemka?"

"Bado, Sista. Inakagua diski."

"Ndiyo nini?"

"Inajikagua. Naweza kuiambia isijikague. Lakini kama kuna kilichovunjika, nikiandika juu yake naweza kuiua kabisa. Isiamke tena."

Kissa alipumua kwa nguvu, si kwa hasira bali kwa kazi. Moja, mbili, minya. "Fanya unachojua," akasema.

Tumwitike hakujua. Aliweka kidole juu ya ile herufi, hakubonyeza. Asilimia ishirini. Akikosea kwa kungoja, watakufa baadhi. Akikosea kwa kuruka, watakufa wote, na mikono itaendelea kuminya maputo mpaka ianguke. Hiyo haikuwa hesabu ngumu, ila ilimtaka akae kwenye kiti, mikono mapajani, atazame namba. Hakuna kitu cha kushika wala wa kumsukuma. Alijikuta anaibembeleza mashine kwa Kinyakyusa, lugha ambayo bibi yake alitumia kubembeleza watoto wagonjwa.

Thelathini na tano. Sauti za kuhesabu huko nje zilikuwa zimeacha kwenda pamoja. Kila mmoja sasa alihesabu kivyake, na wengine hawakuhesabu tena.

"Wanachoka," redio ikasema. "Tumwitike, unanisikia? Mikono inachoka."

"Nakusikia, Sista."

"Sikuambii uharakishe. Nakuambia tu."

Sitini. Themanini. Hapo tena ikakaa, na Tumwitike akainama akaegemeza paji la uso kwenye chuma cha meza. Alipoinua kichwa skrini ilikuwa nyeupe pembeni na nyeusi katikati, na katikati hapo palikuwa na alama moja ndogo ya reli, #, ikipepesa, ile ambayo mfumo humwonyesha ruti peke yake.

Alifanya kazi haraka. Aliiruhusu diski iandikike. Akaweka nywila mpya, neno la kwanza lililomjia, akalirudia. Akafungua akaunti, akafuta kumbukumbu ya makosa ya mzee. Akafungua faili la pumzi, akaiondoa Ikubo pwani na kuirudisha milimani, akahifadhi, akaiachia mashine iamke mpaka mwisho.

Mistari ikarudi. Mmoja, kumi, yote. Pumzi ndefu, zenye kina, zilizoshiba. Kelele zikalipuka kutoka ukumbini, watu wakipiga vigelegele, mtoto akilia kwa sauti nene ambayo hakuna mtoto wa Ikubo aliyekuwa nayo tangu mvua zianze.

Tumwitike akaushika uso wake kwa viganja vyote viwili, akalia.

*

Alipoingia ukumbini Ambakisye alikuwa ameshakaa, barakoa shingoni, rangi imemrudia. Alimnyooshea dada yake mikono kama mtoto anayetaka kubebwa. Walikumbatiana, na kwenye bega lake Tumwitike alisikia kifua kile kikubwa kikijaa na kushuka.

"Umechelewa," kaka yake akamnong'oneza.

Juu ya bega hilo alimwona Sekela. Shemeji yake alikuwa bado amepiga magoti, amegeukia upande wa kushoto. Mikono yake ilining'inia. Mbele yake alilala Mwalimu Ndaki, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka vizuri, sawasawa na vya wengine wote.

"Yuko sawa," Sekela alisema, bila kumwangalia mtu. "Si unaona? Anapumua. Niliacha kidogo tu. Mkono huu uligoma, nikasema ngoja nimalize na Ambakisye kidogo, kisha narudi. Kidogo tu. Lakini anapumua."

Kissa alikuja kwa mwendo wake wa siku zote. Akaweka vidole shingoni mwa mwalimu. Akaviweka tena, upande wa pili. Akafungua kope, akamulika kwa tochi ndogo, akaizima.

"Hayupo," alisema.

"Anapumua, Sista!"

"Ni mtambo, mwanangu. Mshipi unamvuta. Moyo umeshasimama kitambo."

Watu waliambizana kwa macho, kuanzia hapo dirishani mpaka mlangoni. Kifua cha Mwalimu Ndaki kilipanda. Kikashuka. Ambakisye alikitazama, kisha akatazama mikono ya mkewe. Alijaribu kumshika Sekela bega. Sekela akajikunyata.

Kissa akamsogelea Tumwitike karibu kabisa. Hakumlaumu kwa neno wala kwa jicho, na Tumwitike alitamani angemlaumu.

"Siwezi kuuvua mshipi," muuguzi akasema. "Umefungwa, unafunguka kwa amri tu. Na siwezi kuwaacha watu wanamwangalia hivi. Watoto wanamwita aamke."

Watengenezaji waliuunda mfumo hivyo kwa makusudi, ili pasiwe na mtu wa kukata pumzi ya mwenzake kwa bahati mbaya au kwa chuki. Kumwondoa mtu kwenye mtambo ilikuwa kazi ya ruti.

"Nakwenda," Tumwitike akasema.

*

Mzee Mwasomola alimkuta mlangoni mwa chumba cha mtambo. Alikuja peke yake, kwa miguu yake, akitembea wima kama zamani. Midomo yake ilikuwa na rangi nzuri.

"Nimeikumbuka!" alisema, akacheka kwa furaha. "Nimeamka tu pale chini, ikaja yenyewe, herufi kwa herufi. Haikuwa ng'ombe. Ni jina la shule niliyosoma, na mwaka niliomaliza. Niandikie pale tufungue."

"Asante, Mzee," Tumwitike akasema. "Nimeshaibadilisha."

"Ah." Mzee akapoa. Macho yake yaliyorudiwa na akili yalimsoma usoni. "Mmefanyaje bila mimi?"

Tumwitike alimvutia kiti, akamkalisha. Kisha akakaa mbele ya skrini, akaivuta kibodi, na mzee, aliyeijua kazi ile kuliko mtu yeyote, alitazama jina alilokuwa anaandika, akavua miwani yake, akaishika mapajani.

Mistari ilipangwa kwa jinsi watu walivyofika bondeni. Wa Mwalimu Ndaki ulikuwa mzuri kama yote, umekwenda juu, umekwenda chini. Ukiuangalia tu usingejua.

Mtambo ukauliza kama ana uhakika. Akaandika ndiyo. Ukauliza mara ya pili, kama ulivyofundishwa, na ukamtaka aandike jina kamili la mhusika. Ilibidi afikiri. Miaka yote walimwita Mwalimu tu. Mzee Mwasomola ndiye aliyemtajia, kwa sauti ndogo, jina la kwanza na la baba, na Tumwitike akaliandika polepole ili asikosee herufi.

Redio ikakwaruza.

"Kifua kimetulia," Kissa akasema.

Kwenye skrini mstari ukafutika. Mstari wa Ambakisye, uliokuwa chini yake, ukapanda nafasi moja kujaza pengo.